Ziwa halina kupwa na kujaa: jibu kwa baharia wa Tanga anayetaka kuzunguka Ziwa Victoria

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nalinukuu kwa kifupi: "Shikamoo nahodha. Nina boti ya tanga ya futi 24, mkuku wa kuinua (ule ubapa wa chini ya boti), na mashine ndogo ya nguvu farasi 8 nyuma. Bahari nimeizoea, Tanga mpaka Pemba naenda na kurudi. Shule zikifungwa mwezi wa 6 nina wiki tatu, nataka niivute boti kwa gari mpaka Mwanza halafu nizunguke Ziwa Victoria lote na mke wangu na vijana wetu wawili, miaka 13 na 16: Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba, turudi Mwanza. Ziwa lenyewe sijawahi hata kuliona. Nipange vipi? Na mama watoto anauliza kama watoto wataweza kuogelea."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikaona huyu mtu ana boti nzuri na familia inayomwamini, kwahiyo ngoja nimjibu kwa kirefu.

Nianze na habari mbaya tumalizane nayo: kuzunguka lote kwa wiki tatu sahau. Nyie watu wa Pwani mkisikia ziwa mnawaza bwawa. Hili lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, kutoka kusini mpaka kaskazini ni kilomita 300 na ushee, na ukifuata kingo zake ghuba kwa ghuba unapita kilomita 3,000 bila kuhesabu visiwa. Yule mpelelezi Stanley alilizunguka mwaka 1875 na boti yake Lady Alice, ambayo wapagazi waliibeba vipande vipande toka pwani yenu huko mpaka huku, akaingia majini mwanzoni mwa mwezi wa 3 akarudi mwanzoni mwa mwezi wa 5. Miezi miwili, na alikuwa na watu wa kupiga makasia na hakuwa na uhamiaji wa nchi tatu wa kumgongea muhuri. Wewe kila ukivuka mpaka utafunga gatini, utafute afisa, utoe karatasi za boti na za watoto, siku imeisha. Halafu kuna sehemu kama Migingo, kile kijiwe ambacho Kenya na Uganda wanakigombania miaka yote hii, usije ukajikuta umetia nanga pale kwa bahati mbaya ukaanza kuulizwa wewe ni wa nani.

Na sababu ya pili ni upepo. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 kwetu ni kiangazi, na kusi, ule upepo wa kusini, linavuma ziwani kama linavyovuma kwenu. Linaanzia kusini huku likiwa jepesi, linasukuma maji kilomita mia mbili na zaidi bila kukutana na kitu, likifika kule Uganda mawimbi yameshakuwa mafupi, ya kusimama, yanakuja karibu karibu mpaka boti ya futi 24 haipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi. Yale mawimbi marefu ya bahari unayoyapanda na kuyashuka kwa raha huku hayapo. Kwahiyo mimi nakushauri ubaki nusu ya kusini, yaani upande wetu, visiwa ni vingi hutavimaliza.

Sasa kitu chenyewe ninachotaka ukishike, mengine yote yanatokana na hiki: ziwa hili usilipange kwa ramani, lipange kwa saa ya ukutani. Huku upepo unafanya kazi kwa zamu.

Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa inateremka kuelekea ziwani, kama ule upepo wenu wa umande wa alfajiri. Kwa Mwanza maana yake upepo unatoka kusini, unatoka mjini unaenda ziwani, na kiangazi kusi linauongezea nguvu. Unakaa nao mpaka saa tatu, saa nne asubuhi. Halafu unakufa. Nusu saa, saa nzima, wakati mwingine zaidi, maji yanatulia kama mafuta kwenye sufuria ambayo haijawashiwa moto na tanga linaning'inia kama shuka kwenye kamba. Kuanzia saa sita, saa saba mchana jua limeshapasha ardhi, zamu inabadilika, upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa Mwanza unatokea kaskazini magharibi, saa tisa hivi ndio kilele. Jioni unalala tena. Kwahiyo wa kutoka Mwanza anatoka alfajiri akisukumwa mgongoni, na wa kurudi anarudi mchana naye akisukumwa mgongoni. Ukifanya kinyume siku nzima utakuwa unapiga bisho, yaani unakwenda upande upande kuukabili upepo, na mama watoto anakuangalia.

Usiku ndio kuna kingine kabisa. Pande zote za ziwa zinapuliza kuelekea katikati kwa wakati mmoja, hewa inakutana haina pa kwenda ila juu, na imeshanyonya mvuke wa maji ya uvuguvugu, hapo ndio unapata yale mawingu meusi yanayowaka ndani kwa ndani. Ndio maana mvua kubwa za radi za ziwa hili zinapiga usiku na alfajiri, wakati nchi kavu mvua ni mchana na jioni, na upande wa magharibi ndio unaopigwa zaidi. Kiangazi zinapungua sana ukilinganisha na masika, ila kupungua sio kuisha. Upepo unaotangulia ile mvua unakuja ghafla, umekaa kwenye utulivu kabisa halafu unasikia ubaridi shingoni, ukisikia huo ubaridi shusha tanga lote kwanza, maswali baadaye.

Basi fanya hesabu. Ng'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi, tia nanga kabla ya saa kumi jioni, toa ile saa ya utulivu, boti yako kwa mwendo wa kawaida inakupa kilomita 40, siku nzuri 50. Hiyo ndio siku yako. Kituo kikiwa mbali zaidi ya hapo kigawe mara mbili. Na usiku husafiri, hata mwezi uwe unawaka vipi.

Hilo la usiku nililipia mwenyewe. Tulikuwa kisiwa cha Kome, watu wanne kwenye boti ya futi 22, tumepanga kutoka saa nne, mwenyeji wetu akasema msiondoke bila kula, sato wanakaangwa, na sato wenyewe walikuwa bado ziwani wanavuliwa. Tumeondoka saa tisa. Mpaka jua linazama upepo wa mchana ukatutupa, tukawasha mashine, tukaanza kufuata taa za Mwanza. Taa nyingi, zimejipanga, nzuri kweli. Mwendo wa saa nzima zile taa zikaanza kutawanyika na kuyumba, ndio mwenzangu mmoja akasema, hizi mbona zinapanda na kushuka? Zilikuwa karabai na taa za sola za wavuvi wa dagaa, usiku wa giza wanakuwa wengi mpaka ziwa linakuwa kama mji. Kabla hatujageuka mashine ikakohoa ikazima, propela imemeza wavu. Wakati huo wingu limeshaanza kunguruma huko nyuma. Tukakaa pale tumefungwa na wavu wa mtu, nimening'inia nyuma na kisu na tochi mdomoni, mpaka wenyewe wakaja, vijana watatu, wakaangalia, mmoja akaniambia kwa upole kabisa, mzee usikate, huo ni mtaji. Ikatuchukua karibu saa mbili kuufungua pindo kwa pindo, mvua ikatukuta hapohapo, na asubuhi nililipa vipande vilivyochanika. Sato walikuwa watamu lakini sio kwa bei ile.

Kwahiyo nyavu uzijue. Za sangara zinategwa jioni zinaachwa mpaka asubuhi, maboya yake mara nyingi ni machupa ya plastiki tu, matupu, mengine yamefungwa kitambaa. Ukiona chupa moja inaelea usiseme takataka, tafuta ya pili na ya tatu, ukiona mstari zunguka mwisho wake, usipite katikati. Mwezi mchanga na giza ndio dagaa wanavuliwa sana, mbalamwezi wengi wanapumzika. Kipindi hichohicho cha mwezi mchanga pia utaona kama moshi mweusi umesimama juu ya maji kama kuna kijiji kinaungua, ni vijidudu vya ziwa vinaruka kwa mabilioni, haviumi ila vikikupitia vinaingia puani, kwenye chai, kila mahali. Funga milango ya boti, funga mdomo.

Tuje kwenye mawe, hapa ndio mabaharia wa Pwani wanaponishangaza. Nyie mmezoea mwamba wa matumbawe unaouona kwenye maji safi, na ukipanda fungu maji yamekupwa unakaa unakunywa kahawa unasubiri yajae. Huku hakuna kupwa wala kujaa. Ukipanda jiwe saa tano asubuhi, saa tano usiku upo palepale na boti imelala kwa ubavu. Na maji ya ghuba zetu ni ya kijani, jiwe lililo nusu mita chini hulioni mpaka ulisikie. Umeona picha za Mwanza, yale mawe makubwa yaliyobebana, lile la Bismarck limekaa majini utadhani limepangwa na mtu. Basi yale hayaishii ufukweni, yanaendelea vilevile chini ya maji, na kimo cha ziwa kinapanda na kushuka mwaka hadi mwaka, mwaka 2020 lilijaa mpaka likaingia kwenye nyumba za watu, kwahiyo jiwe ambalo mwaka huu linaonekana mwakani linaweza kuwa limejificha. Ramani za kwenye simu kwa ziwa hili usiziamini karibu na kingo. Ukiona jiwe jeupe limechafuliwa na mnandi, yule ndege mweusi anayekula samaki, hilo ni rafiki yako maana linaonekana, wasiwasi uwe kwa ndugu zake walio pembeni. Karibu na nchi shusha mwendo, mkuku uinue nusu, kijana wa miaka 16 akae mbele na mti mrefu wa kupimia, atafurahi kupewa kazi. Na kila unapolala mwulize mvuvi wa pale, mwonyeshe unakoelekea kesho, akuchoree na kidole kwenye mchanga. Ukifika mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, salimia kwanza, jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, sema mmetoka wapi mnalala wangapi. Sio kwamba kuna ubaya, ni heshima, na pia usiku kukiharibika hao ndio watakaokuja, sio mimi.

Nanga nayo ina mambo mawili. Ghubani chini ni tope laini, inaburuta, achia kamba mara saba ya kina. Kwenye visiwa vya mawe inanasa na haitoki, kwahiyo funga kamba ya pili kichwani mwa nanga na boya dogo juu, ikinasa unaivutia kule ilikoingilia. Chagua ghuba iliyojikinga kusini na kaskazini zote, kwa sababu ya zile zamu, ukijificha upepo wa asubuhi tu wa mchana utakukuta mlango wazi. Na usitie nanga karibu na matete hata pakiwa pazuri vipi, matete yana wenyewe, viboko.

Boti yenyewe: maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, itazama kidogo zaidi ya ulivyozoea, kwahiyo usipakie kama unavyopakia kwenda Pemba. Tupo mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mashine yako itapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu, usishangae ukasema imeharibika. Kile kipande cha zinki cha kuzuia kutu kwenye maji baridi hakifanyi kazi vizuri, wiki tatu sio mbaya ila kama ungekaa ningekwambia weka cha magnesiamu. Na kama ni ya mbao ichunguze ukirudi, chumvi huwa inailinda mbao, maji baridi yanaiozesha. Faida ni moja, wale chaza wote waliong'ang'ania chini watakufa wenyewe.

Njia ningeipanga hivi. Siku nne tano za mwanzo usiondoke Ghuba ya Mwanza, jifunze zamu za upepo ukiwa karibu na maduka. Pitia Mwanza Yacht Club pale Capri Point, wenye matanga wenzako utawakuta huko. Peleka watoto Saa Nane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ipo puani mwa mji kabisa. Ukishuka kusini utakutana na daraja la Kigongo-Busisi, kilomita tatu, limefunguliwa 2025, zuri kulitazama, lakini kabla mlingoti haujapita chini yake ulizia kimo chake na upime wako, usikadirie kwa macho. Vivuko na meli vipishe mapema, wao hawageuki haraka kwa ajili yako.

Baada ya hapo nenda Ukerewe. Mwanza mpaka Nansio, mji wa pale, ni kilomita 50 hivi kwa maji, toka alfajiri kabisa. Kaa siku tatu, machungwa ya pale na ugali wa muhogo mtakula mpaka mkome. Ukara ipo kaskazini yake, wakulima wa kule wanajulikana kwa kubana kila kipande cha ardhi na mbolea ya ng'ombe, ila ule mlango kati ya visiwa viwili uvuke asubuhi tu. Kurudi usijilazimishe kwa siku moja, lala Kayenze. Ufukwe huo wa Ghuba ya Speke ndio Stanley aliposhushia boti yake majini, waambie watoto.

Wiki ya mwisho uende magharibi: Kome, kisha Maisome, kisha Rubondo. Huko kusi linakusukuma, raha tupu, na hapo ndipo pana mtego, maana kurudi Mwanza ni kupiga bisho zaidi ya kilomita mia na likizo imeisha. Watu wanaopata matatizo ziwani wengi ni wanaowahi Jumatatu. Kwahiyo usirudi kwa maji. Mpange dereva na trela aje upande wa Chato, mialo ya kule ndiko watu wanakovukia kwenda Rubondo, uulize mapema ni mwalo gani trela inashuka, boti ipande gari huko huko. Rubondo ni hifadhi tangu 1977, sokwe wa pale waliletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa wakajifunza kuishi porini upya, na nzohe, yule swala wa kwenye matope, utamwona pale kuliko sehemu nyingi. Vibali vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, chukua kabla, huwezi kutia nanga popote ukapiga hema.

Karatasi: nenda TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, pale Mwanza kabla boti haijagusa maji, wao ndio wanasajili na kukagua vyombo, waambie ni chombo cha starehe kimetoka Tanga. Utabiri wa ziwa wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, uangalie kila jioni, na pale mtandao utakapopotea katikati, angalia mashariki na mawingu mwenyewe. Laifu jaketi zivaliwe, sio zifungwe kwenye mfuko chini ya kiti. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 inakaribia Mwanza, kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kufika gati ya Bwisya, Ukara, na zote mbili zilikuwa zimejaza watu kupita uwezo. Nakutajia sio kukutisha, ila mtu wa huku ukimwambia nchi kavu ile pale atakuangalia tu.

Mama watoto sasa. Kuogelea wataogelea, ila sio ufukweni. Kichocho kipo, konokono wake wanakaa maji ya kina kifupi yaliyotulia, kwenye majani na pale watu wanapofulia. Mamba nao wanapenda hukohuko, na alfajiri na jioni ndio zao. Vijana waruke kutoka kwenye boti, mchana, kwenye kina, mbali na matete, wapande wajifute haraka na taulo. Rubondo wasiingie kabisa. Maji ya kunywa msichote ziwani bila kuchemsha. Mkirudi Tanga subirini wiki sita hadi nane mkapime wote wanne, pamoja na wewe unayesema uligusa miguu tu, wakikuta kitu dawa ni prazikwanteli, mtapewa vidonge kulingana na uzito. Kunywa baada ya kula, ni vichungu balaa.